Mama kafika sokoni na baiskeli, aiegeshe wapi?

Mkazi wa Shinyanga akisema anakwenda sokoni, mara nyingi haulizwi atakwenda kwa usafiri gani. Baiskeli ipo ukutani, kiroba kimekunjwa kwenye keria, na mpira wa kufungia mzigo umezungushwa chini ya kiti. Wanaotoka Old Shinyanga, Kizumbi, Chibe au Mwamalili huwa barabarani mapema, mmoja na tenga la nyanya, mwingine na dumu la maziwa. Wapo pia akina mama wenye mtoto mgongoni na mwingine amekaa nyuma, miguu ikining'inia.

Safari yenyewe si shida kubwa. Shinyanga ni nchi tambarare, na kwa aliyezoea kanyagio, kilomita kumi ni jambo la kawaida. Shida huanza anapofika.

Sokoni kuna nafasi ya gari la mwenye duka. Kuna kijiwe cha bodaboda, kuna mahali pa bajaji, na lori la viazi linashusha mzigo katikati ya njia bila mtu kulisemesha. Baiskeli haina mahali. Mama ataiegemeza kwenye ukuta wa duka na ataambiwa aitoe, inaziba mlango. Ataisogeza kando ya mtaro, lakini hapo haioni akiwa ndani. Mwisho ataingia nayo sokoni akiisukuma kati ya mafungu ya dagaa na mchicha, huku kila anayeguswa na gurudumu akimlalamikia. Jicho moja linachagua vitunguu, jingine linachunga usukani.

Kwa mtu mwenye gari hilo ni jambo dogo. Kwa familia nyingi za ukanda huu, baiskeli moja hufanya kazi za watu wanne. Asubuhi humpeleka binti sekondari, mchana huchota maji, jioni hupeleka mahindi mashineni, na siku ya gulio ndiyo inayobeba mzigo wa kuuza. Ikiibiwa sokoni, kazi zote hizo zinarudi kwenye miguu na kichwa cha mama na watoto wake.

Mkoa uliokua juu ya magurudumu mawili

Usukumani baiskeli ina historia ndefu. Wazee wanazikumbuka Raleigh za Uingereza, halafu Phoenix za China, na Swala zilizotengenezwa hapa nchini. Msimu wa pamba ukiisha na malipo yakitoka, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, pamoja na bati na redio.

Kabla ya pikipiki kuenea, hata abiria walibebwa kwa baiskeli. Shinyanga na Tabora waliziita daladala, jina ambalo Dar es Salaam lilikuwa la basi dogo. Upande wa pili, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda ndizo zilizozaa neno bodaboda. Pikipiki zilipoingia zilichukua abiria, na huko mpakani zikachukua na jina. Baiskeli ikarudi nyumbani kuwa chombo cha familia.

Jambo moja ambalo wageni huliona haraka Shinyanga ni wanawake juu ya baiskeli. Katika mikoa mingi ya nchi, mwanamke mtu mzima anayeendesha baiskeli bado hugeuziwa shingo. Hapa anapita na kitenge chake, amebeba kiroba cha mchele, na hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana suala la pa kuegesha baiskeli linahusu familia kuliko michezo au mazoezi. Anayekosa nafasi sokoni, mara nyingi, ni mama.

Kisha ikaja dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, achilia mbali maelfu ya wachimbaji wadogo wanaohama na maduara. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Machi 2019 mji wa Geita ukafunguliwa soko la dhahabu. Kahama ikapanuka, na Katoro, ambayo ilikuwa senta ya kawaida ya njiani, ikageuka mji wa biashara unaokesha.

Fedha hizo zilileta lami, maduka ya jumla, maghala na magari. Zilivuta pia biashara kuelekea barabara kuu. Maeneo ya pembezoni kama Ibinzamata na Ngokolo mjini Shinyanga, au Nyankumbu mjini Geita, yamekuwa na maduka yake, na familia nyingi hazina haja ya kwenda katikati ya mji kununua sukari na daftari. Mteja wa maeneo hayo ni yule yule wa miguu na wa baiskeli. Lakini kila duka jipya linapojengwa, mbele yake panasawazishwa kwa ajili ya gari.

Geita ina mambo yake. Kule ni vilima, na mwenye baiskeli yenye mzigo hushuka na kuisukuma. Anayesukuma anahitaji upana kuliko anayeendesha, kwa sababu mtu na baiskeli yake wanakwenda sambamba. Njia ya watembea kwa miguu ikijaa meza za bidhaa, mtu huyo hana pengine pa kupita isipokuwa kwenye lami, pamoja na malori. Shinyanga nako, masika yakianza, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye magurudumu mpaka baiskeli inagoma kuzunguka. Mita chache za changarawe kutoka barabarani hadi langoni mwa soko huokoa nusu saa ya kukwangua tope kwa kijiti.

Mwenye duka anamwona nani?

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mteja mwenye fedha ni yule mwenye gari. Imani hiyo haipo Tanzania peke yake. Mwaka 2006, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, wenye maduka waliulizwa wateja wao hufikaje. Walikisia kwamba asilimia 41 huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22.

Uholanzi, katika mji wa Groningen, hofu ilikuwa kubwa zaidi. Septemba 1977 halmashauri iligawa katikati ya mji katika sehemu nne, na gari halikuruhusiwa kukatiza moja kwa moja kutoka sehemu moja hadi nyingine. Wafanyabiashara walilalamika kwamba wangefunga maduka. Leo Groningen ni miongoni mwa miji inayotajwa sana duniani kwa baiskeli, na katikati yake bado ni mahali pa kununua na kuuza.

Bristol si Kahama, na hakuna haja ya kuiga Ulaya ili kujua nani ananunua Ngokolo. Inatosha mwenye duka kukaa na kalamu siku moja ya gulio na kuweka alama: huyu kwa miguu, huyu kwa bodaboda, huyu kwa baiskeli, huyu kwa gari. Kisha aangalie pia anayenunua kila siku na anayenunua mara moja kwa mwezi. Mwenye baiskeli huja tena keshokutwa. Na akiwa na keria nzuri hubeba kiroba cha unga, dumu la mafuta na sabuni katoni moja, mzigo ambao mwenye miguu angeuacha dukani.

Kuna hesabu nyingine ya nafasi. Gari moja dogo huhitaji eneo la takriban mita mbili na nusu kwa tano ili liegeshwe. Ndani ya eneo hilo hilo huingia baiskeli nane hadi kumi zikipangwa vizuri. Duka lenye nafasi ya magari mawili tu mbele yake linaweza kutoa nusu yake kwa wateja wanane bila kumfukuza mwenye gari.

Namba kwenye karatasi

Dawa ya wizi imekuwepo Usukumani siku zote, na haikubuniwa na mhandisi. Kwenye minada na magulio huwa kuna mtu wa kulinda baiskeli. Anafunga kamba kuzunguka eneo, anaandika namba kwenye vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja kinafungwa kwenye usukani na kingine anapewa mwenye baiskeli. Bila karatasi baiskeli haitoki. Ada ni ndogo, na mtu anaingia mnadani mikono mitupu, roho imetulia.

Cha kushangaza ni kwamba utaratibu huo, unaofanya kazi vizuri chini ya miti mnadani, mara nyingi hupotea soko linapojengwa kwa zege na kuwekewa geti. Mchoro wa soko jipya huwa na vizimba, vyoo, machinjio, ofisi ya meneja na maegesho ya magari. Mlinzi wa baiskeli hayumo kwenye mchoro, kwa hiyo siku ya ufunguzi hana mahali pa kufunga kamba yake.

Kumrudisha si gharama kubwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana watano chenye eneo lililozungushiwa uzio, kibanda, pampu na vifaa vya kuziba pancha kinaweza kulinda baiskeli na kuzitengeneza mwenyewe akiwa ndani ananunua. Mama anaacha baiskeli yenye tairi laini, anarudi imejaa upepo. Fundi baiskeli naye anapata kazi mahali penye wateja wengi kuliko chini ya mwembe wa mtaani.

Tahadhari ni kwenye ada. Soko likigeuza ulinzi wa baiskeli kuwa chanzo cha mapato na kupandisha bei hadi ilingane na fungu la mboga, mama ataiacha nje kama zamani, na eneo litabaki tupu. Mahali ambapo halmashauri inataka kutoza, ni afadhali itoze eneo la kikundi kwa mwezi kuliko kumtoza kila anayeingia.

Chuma cha kuegemeza

Kuna maduka na ofisi chache zilizowahi kuweka vyuma vya baiskeli, na vingi ni vya aina isiyofaa: vijinafasi vya kuingiza gurudumu la mbele. Kwa baiskeli nyepesi isiyo na mzigo huenda vikatosha. Kwa baiskeli nzito ya Shinyanga yenye kiroba nyuma, uzito ukiyumba hupinda rimu na kukata spoku. Isitoshe, kufuli linafunga gurudumu tu, na mwizi mwenye spana anaondoka na iliyobaki.

Chuma kinachofaa ni rahisi kuliko hicho. Ni bomba lililokunjwa kama herufi U iliyogeuzwa juu chini, linasimikwa kwenye zege, kimo chake sentimita 75 hadi 80. Baiskeli mbili huegemea, moja kila upande, na kufuli hupita kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Kati ya bomba moja na jingine iachwe mita moja au zaidi, kwa sababu baiskeli za huku zina keria pana na mizigo inayotoka pembeni. Mafundi wa kuchomelea wa Kahama, Geita na Shinyanga, ambao hutengeneza mageti na mikokoteni kila siku, hawahitaji mafunzo yoyote kwa kazi hiyo.

Mahali pa kuvisimika ni muhimu kuliko idadi yake. Vikiwekwa nyuma ya soko karibu na jalala, havitatumika. Viwe karibu na lango, vionekane kutoka kwenye vizimba, na viwe upande ambao mwenye baiskeli hufikia bila kukatiza kijiwe cha bodaboda. Mteremko mdogo badala ya ngazi humsaidia anayesukuma baiskeli, na humsaidia zaidi mtu mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye kwa masoko mengi ya sasa huishia nje na kuagiza mtoto aingie kumnunulia.

Kivuli nacho si anasa kwa mama mwenye mtoto mchanga anayefungua mzigo saa saba mchana. Shinyanga iliwahi kuonyesha dunia namna ya kurudisha miti: mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili katika nchi iliyokuwa ikielekea kuwa jangwa, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta. Mkoa wenye rekodi hiyo haushindwi kupanda miti minne kwenye lango la soko.

Lori mlangoni mwa soko

Pa kuegesha pakipatikana, bado kuna mita mia mbili za mwisho. Kahama iko kwenye njia ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, na bandari kavu ya Isaka haiko mbali. Katoro imekaa juu ya barabara inayotoka Geita kuelekea Chato na Kagera, na biashara iko pande zote mbili. Mtu anayetaka kununua maharage upande huu na viatu vya shule upande ule hana budi kuvuka barabara kuu, tena na baiskeli yenye mzigo ambayo haiwezi kuruka mbio.

Sheria inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani na mataifa yaliyokutana Stockholm Februari 2020 yalitaka kilomita 30 mahali ambapo watu na magari wanachanganyika. Tofauti hiyo ya 20 si ndogo. Dereva wa gari dogo mwenye breki nzuri, anayehitaji sekunde moja kushtuka, akiwa na mwendo wa 30 atasimama ndani ya mita kama 13. Akiwa na 50, zile mita 13 zinaisha kabla mguu haujagusa breki. Kwa lori lililojaa shehena, umbali ni mrefu zaidi.

Namna ya kupunguza mwendo inajulikana na ipo nchini. Shirika la Amend lilianzia kwenye shule za Dar es Salaam: lilipima njia za watoto kwenda shule, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine likahamisha geti la shule kutoka barabara kubwa hadi ya pembeni. Mpango huo, SARSAI, ulishinda Tuzo ya Ross ya miji mwaka 2019. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho hakiwezi kuwekwa mbele ya soko la Katoro au Nyankumbu. Kuhamisha lango peke yake, kutoka upande wa barabara kuu hadi upande wa mtaa, wakati mwingine ni kazi ya siku chache.

Nchi ina uzoefu mwingine, mzuri na mbaya. Katika miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilikuwa sehemu ya mradi wa majaribio wa usafiri usiotumia injini, sambamba na Nairobi na Eldoret nchini Kenya. Vivuko vilivyoinuliwa, ambavyo gari hulazimika kupunguza mwendo ili kuvipanda, vilijaribiwa wakati huo. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, barabara ilijengwa pamoja na njia za miguu na baiskeli. Wanachama wa UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, wamekuwa wakilalamikia kwa miaka jinsi njia za baiskeli za jiji hilo zinavyoingiliwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara.

Somo la Dar es Salaam linahusu moja kwa moja masoko ya Kanda ya Ziwa. Njia ya baiskeli isiyo na kizuizi, mbele ya soko, huwa maegesho ndani ya wiki moja. Na mmachinga akikosa eneo lake, ataweka meza mahali palipo na watu, yaani kwenye njia. Oktoba 2021 wamachinga walipohamishwa nchi nzima kupelekwa maeneo maalumu, mengine kati ya maeneo hayo yalikuwa mbali na mazoea ya wateja. Mpangaji anayetaka njia ibaki wazi lazima ampe mmachinga mahali ambapo mwenye baiskeli atapita na kusimama. Kuwapiganisha wawili hao ni kosa, kwa kuwa wanategemeana: mmoja ni mteja wa mwenzake.

Mtoto kwenye keria

Wakati halmashauri inajipanga, nyumbani kuna mambo ambayo hayasubiri bajeti. La kwanza ni miguu ya watoto. Mtoto mdogo aliyekaa kwenye keria akichoka huacha miguu ilegee, na kisigino huingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Jeraha lake huwa baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu ngozi na nyama hubanwa kati ya spoku na fremu, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Fundi anaweza kufunga vyuma viwili vya kukanyagia na kipande cha wavu au plastiki ngumu kando ya gurudumu. Mtoto akipata jeraha hilo, apelekwe zahanati hata kama damu ni kidogo.

Kitenge kilichofungwa kiunoni au kilichombeba mtoto kina ncha zinazoning'inia, na ncha hizo hupenda cheni. Zikazwe kabla ya kuondoka, na kifuniko cha cheni kirudishwe badala ya kuachwa stoo kwa kuwa kinapiga kelele. Mzigo uwe kwenye keria. Mfuko unaoning'inia kwenye usukani huingia gurudumu la mbele au huzuia kukata kona.

Wazazi wengi humtuma mtoto wa miaka tisa au kumi dukani na baiskeli ya baba. Kwa kuwa kiti ni kirefu, mtoto hupitisha mguu chini ya bomba la fremu na kuendesha akiwa ameinama upande. Wengi wetu tunamsifu kwa ujasiri. Lakini mtoto huyo haoni vizuri nyuma yake, hafiki breki kwa vidole vyote, na akibeba dumu la maji kwenye keria hawezi kusimama ghafla. Dukani kwa jirani ni sawa. Kwenye soko lililo kando ya barabara kuu, ama aende kwa miguu, ama afundishwe kushuka na kusukuma kuanzia mahali lami inapoonekana. Rifrekta nyuma na nguo nyeupe au ya njano ni muhimu hasa kwa wanaorudi giza likiingia, saa ambayo madereva wa malori nao wamechoka.

Kwa mabinti wa sekondari, baiskeli salama ina uzito mwingine. Mwaka 2006 jimbo la Bihar nchini India lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Watafiti waliopima matokeo walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa karibu theluthi moja. Umbali kutoka kijijini hadi sekondari za Shinyanga vijijini au Mbogwe hauna tofauti kubwa na ule wa Bihar. Baiskeli inayoibiwa Jumamosi sokoni ndiyo iliyokuwa imsafirishe binti Jumatatu. Mzazi anayekosa fedha za nyingine humwambia asubiri mavuno, na katika familia yenye shida, kusubiri nyumbani kuna hatari zake kwa msichana.

Hoja ipelekwe wapi

Shinyanga, Kahama na Geita ni kati ya miji 45 iliyomo kwenye mradi wa TACTIC, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao hujenga barabara za mijini, mitaro, stendi na masoko. Maana yake ni kwamba michoro ya miaka kumi au ishirini ijayo inachorwa katika kipindi hiki. Kuongeza mabomba ishirini ya kuegeshea kwenye mchoro ni rahisi. Kuvunja zege baadaye ili kuyasimika ni ngumu, na mara nyingi hakufanyiki kabisa.

Mzazi anayetaka kusukuma jambo hili ni vizuri ajue mlango wa kugonga. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, ambazo ndizo zinazozunguka masoko mengi, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Soko lenyewe, lango lake na maegesho yake, ni la halmashauri. Tuta mbele ya soko la Katoro haliombwi kwa mwenyekiti wa soko, na kibanda cha mlinzi wa baiskeli hakiombwi TANROADS.

Kwa mambo ya halmashauri, hoja huanzia mkutano wa mtaa au kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani huipeleka kwenye baraza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Bunge la bajeti huanza Aprili, na kabla ya hapo halmashauri huwa zimekwishapitisha makisio yao. Anayetaka vyuma vya baiskeli kwenye soko lake mwakani anatakiwa kusimama mkutanoni kuanzia Oktoba au Novemba, akiwa na karatasi yenye hesabu ya siku moja ya gulio: baiskeli ngapi ziliingia, ngapi zilibebwa na wanawake, na ngapi zilikosa pa kukaa.